Hamira Iliyokataa Mafuta

Hamira ile ile inayoumua mandazi ndiyo ilisaidia kueleza kwa nini watoto fulani huzaliwa wamelegea mwili mzima, wana kifafa, ini limedhoofika, na wengi hawafikishi mwaka mmoja. Ila hadithi yenyewe haikuanza na hamira. Ilianza na figo ya panya.

Mwaka wa 1954, mwanafunzi Johannes Rhodin wa Stockholm aliona vijifuko vidogo ndani ya seli za figo hiyo. Vilifanya kazi gani? Hakuna aliyejua. Katika miaka ya 1960, Mbelgiji Christian de Duve akaviita peroksisomu. Kumbe humo ndani mafuta fulani huvunjwa, na kemikali hatari inayotokana na kazi hiyo huharibiwa papo hapo. Mwaka wa 1973, Sidney Goldfischer na wenzake wa New York walichunguza ini na figo za watoto waliokuwa na ugonjwa wa Zellweger. Peroksisomu hawakuziona.

Sasa, utajuaje kilichoharibika? Mtoto huwezi kumfanyia majaribio. Hamira unaweza, na yenyewe huvunja mafuta ndani ya peroksisomu tu. Huko Bochum, Ujerumani, Ralf Erdmann na wenzake katika maabara ya Wolf-Hubert Kunau waliharibu jeni za hamira ovyo ovyo, kisha wakaipa asidi ya oleiki, mafuta yaliyojaa kwenye avokado. Hakuna chakula kingine. Zile zilizonawiri hawakuwa na haja nazo. Walitafuta zilizoshindwa kula, na mwaka wa 1989 wakazitangaza. Protini zao zilikuwa zimetengenezwa, ila zilizagaa nje ya peroksisomu. Yaani shida ilikuwa mlangoni.

Peroksisomu haijitengenezei protini. Zote huundwa nje, halafu huingizwa. Kundi la Suresh Subramani kule San Diego, likitumia protini inayompa kimulimuli mwanga wake, liligundua anwani inayozielekeza: asidi amino tatu tu, mwishoni mwa protini. Hamali anayeisoma anwani hiyo anaitwa Pex5. Huushika mzigo, huupeleka ndani, kisha hurudi kuchukua mwingine.

Ajabu ni jinsi mzigo unavyopita. Ukihamia bedsita, kochi kubwa lazima lifunguliwe vipande ndipo lipite mlangoni. Mitokondria hufanya hivyo: protini hunyooshwa kama uzi kwanza. Peroksisomu hupitisha kochi zima. Mwaka wa 1994, maabara ya Richard Rachubinski nchini Kanada iliichunguza thiolasi ya hamira, protini ya vipande viwili vilivyoshikana. Walikata anwani ya kimoja. Kikiwa peke yake, kilibaki nje. Kikishikana na mwenzake mwenye anwani, kiliingia naye. Maana yake viliungana kabla ya kufika mlangoni. Mwaka wa 2022, maabara ya Tom Rapoport, Harvard, ilionyesha kwamba protini Pex13 hutengeneza kitu kama wavu laini mlangoni, na Pex5 hupenya humo na mzigo wake.

Jeni ya kwanza kupatikana kutoka kwa hamira za Bochum, mwaka wa 1991, leo inaitwa PEX1. Kazi yake ni kusaidia kumvuta hamali atoke mlangoni. Akikwama hapo, kazi yote inalala. Mwaka wa 1997 watafiti waliikuta jeni ya aina hiyo hiyo kwa binadamu, na ikabainika kwamba hitilafu zake ndizo chanzo kikuu cha magonjwa ya kundi la Zellweger.

Tiba ya kuurekebisha mlango huo bado haipo. Lakini mama anayeuliza mtoto wake aliugua nini anaweza kupewa jibu lenye jina, na kabla ya mimba nyingine yeye na mwenzake wanaweza kupimwa. Jibu hilo lilianzia kwa hamira iliyowekewa mafuta ikashindwa kuyala.