Ethi, Moto na Sensa: Maneno ya Umeme wa Magari katika Karakana za Songea

Lugha yetu haikungoja kamati ili ipate majina ya vyombo vya moto. Neno gari, lenye asili ya Bara Hindi, lilikuwa jina la mkokoteni kabla halijawa jina la motokaa. Usukani ulitoka majini, ukahama kutoka chomboni na kuingia katika lori. Breki, gia, betri na dereva yalichukuliwa kutoka Kiingereza yakavikwa sauti zetu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, zilikuta sehemu kubwa ya msamiati huo imekwisha kuzoeleka vinywani mwa watu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo, iliyotufaa vyema wakati wa injini za zamani, sasa inahitaji msaada. Na haja hiyo huonekana wazi zaidi pale fundi anapotoa injini ya kisasa katika gari moja na kuitia katika jingine.

Songea ni mahali panapofaa kuitazama historia hiyo. Mji huo uko karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na lami kutoka Makambako haikuufikia mpaka miaka ya 1980. Katika njia za Mbinga na Tunduru lami ilichelewa zaidi. Kwa barabara za namna hiyo, Land Rover ilikuwa gari la kazi. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, haikuwa na mafumbo. Betri ilipeleka umeme kwenye koili, koili ikaukuza, distribyuta ikaugawa, na plagi zikatoa cheche. Kabureta ilichanganya petroli na hewa bila kuhitaji umeme wowote. Fundi aliweza kuufuata kila waya kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno mawili yalimtosha: moto, yaani upande wenye umeme, na ethi, yaani chesisi ambako umeme hurejea.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa elektroniki wa kunyunyizia petroli, nao ukafungwa katika magari ya Volkswagen. Watengenezaji wa Japani walifuata mkondo huo. Hapa kwetu, mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari ya mtumba kutoka Japani yalienea hadi mikoani. Katika injini za Toyota, herufi E mwishoni mwa jina, kama vile 3RZ-FE ya lita 2.7, humjulisha fundi kwamba petroli yake hupimwa na kompyuta.

Hapo ndipo ilipozuka kazi tunayoizungumzia. Huko Uingereza watu wamezoea kununua gari likiwa vipande na kujiundia wenyewe. Lotus Seven ya mwaka 1957 ni mfano mashuhuri. Kwetu kazi iliyo karibu na hiyo ni kujenga bodi za mabasi juu ya chesisi za kigeni, na kutia injini ya Toyota katika Land Rover iliyochoka. Shirika la Nyumbu huko Kibaha, lililoundwa mwaka 1985, lilikusudiwa kuikuza teknolojia ya magari humu nchini. Kwa kuwa kuunda ni neno la kale la mafundi wa majahazi, tunaona gari la kuunda ni jina linalofaa. Lakini gari linalotoa injini tuliiteje? Waingereza hulipa jina lile lile wampalo mtoa misaada. Mfasiri akiandika gari la mfadhili, mtumishi wa halmashauri atadhani ni gari la mradi lenye nembo mlangoni. Gari la spea halimpotezi mtu.

Kosa hilo la tafsiri huleta kicheko tu. Mengine huleta hasara. Tuanze na ethi. Mafundi wengi hulitumia neno hilo kwa maana ya hasi, na katika magari ya leo si kosa. Lakini Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilifungwa chanya ya betri kwenye chesisi. Katika gari la namna hiyo ethi ni chanya. Mwenye kuunganisha kompyuta kwa kufuata neno bila kuuliza maana yake ataiunguza kabla injini haijawaka. Ni lazima mafunzo yatenganishe ethi, ambayo ni mahali, na hasi, ambayo ni upande wa umeme.

Neno moto nalo limeelemewa. Kompyuta ya injini huhitaji umeme wa namna mbili: mmoja usiokatika kamwe, unaohifadhi kumbukumbu zake, na mwingine unaokuja ufunguo unapofunguliwa. Zote mbili huitwa waya wa moto. Zikibadilishana, injini huenda ikakataa kuzimika, au betri ikaisha usiku. Tunapendekeza umeme wa daima na umeme wa ufunguo.

Kisha kuna sensa. Mtumishi wa Serikali alisikiapo neno hilo hukumbuka kuhesabiwa kwa watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika karakana sensa ni kifaa kinachoiarifu kompyuta joto la maji, kiasi cha hewa au mzunguko wa injini. Kihisi, neno lililokwisha kuingia katika matumizi ya kitaalamu, lina mzizi unaoeleweka na wingi ulio wazi. Kompyuta yenyewe mafundi huiita kontrol boksi. Maneno ngamizi na tarakilishi yalipendekezwa, lakini kompyuta ndiyo iliyoshinda kwa wengi nchini. Tungependa iitwe kompyuta ya injini, kwa sababu magari ya sasa huwa na nyingine za breki na za mifuko ya hewa. Na zile nyaya zote zinazofungwa pamoja kutoka kompyuta hadi vihisi tunashauri ziitwe tita la nyaya, kwani kila aliyebeba kuni anajua tita ni nini.

Kijana anayejifunza ufundi wa magari katika Chuo cha VETA Songea huzungumza na wenzake kwa Kiswahili, lakini michoro ya watengenezaji humjia kwa Kiingereza au Kijapani. Kati ya mchoro na mkono wake kuna mfasiri, awe mwalimu au fundi mkuu. Tunawaomba walimu na wafasiri wayakusanye maneno ya karakana za kwao kabla ya kuunda mapya, wayahifadhi yale yanayotenganisha maana, na wayarekebishe yale yanayoichanganya. Fundi akiambiwa neno moja kwa nyaya mbili, lawama ya gari lililoungua haiwezi kuwa yake peke yake.