Vichekesho vya Sinema na Suala la Utu Uzima katika Kongo ya Ubelgiji

Katika Kiswahili, kumwita mtu «mtu mzima» si kutaja umri wake tu. Ni kumpa heshima pia. Historia ya sinema yaonyesha jinsi heshima hiyo ilivyoweza kutolewa au kunyimwa kwa sheria.

Nchini Uhindi, sheria ya sinema ya 1952 iligawa filamu katika madaraja mawili: U kwa watu wote na A kwa watu wazima. Katika daraja la A ndimo vilimokuja kuwekwa vichekesho vya mafumbo ya mapenzi, kama vile Grand Masti ya 2013. Kigezo kilikuwa umri. Katika Kongo ya Ubelgiji, kigezo kilikuwa rangi. Sheria ya 1945 ilizuia kuingia katika majumba ya sinema mtu yeyote asiyekuwa wa asili ya Ulaya au ya Asia, isipokuwa kwa filamu zilizoidhinishwa. Hivyo Mwafrika mwenye wajukuu alihesabiwa kuwa mtoto.

Hapo ndipo kilipochipuka kichekesho cha kimisionari. Mapadre walikuwa na vituo vitatu vya kutengenezea filamu: Edisco-Films huko Léopoldville, Luluafilms huko Luluabourg (leo Kananga), na Africa Films huko Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu, ambamo Rutshuru ilikuwamo. Padri Alexandre Van den Heuvel alitoa katuni za Mboloko, paa mdogo mwenye werevu kama wa sungura wa ngano zetu. Padri Albert Van Haelst aliwachezesha Matamata mnene na Pilipili mwembamba.

Mapadre hao waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mpangilio tata. Kwa hiyo kisa kilikuwa kifupi, picha wazi, na kicheko kilibeba funzo. Lakini imani hiyo ilikuwa na kasoro yake. Nchi yenye Kiswahili, Kiluba, Lingala na Kikongo ilihitaji mwelezaji wa kusimama kando ya pazia na kusema kwa lugha ya mahali. Padri alimiliki picha. Neno lilikuwa mdomoni mwa mwelezaji. Mtu aliyedhaniwa hawezi kuelewa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kueleza.

Vichekesho hivyo havikudumu. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walioitwa «Bills» walikwisha kumchagua shujaa wao: mchunga ng'ombe wa filamu za Kimarekani. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ukauondoa utawala ambao chini yake kazi hiyo ya mapadre ilistawi. Katika miaka ya 1990, Tristan Bourlard aliwarudisha Matamata na Pilipili kwa filamu yenye majina yao.

Ni dhahiri basi kwamba filamu hizo hazifai kusifiwa bila kupimwa, wala kutupwa. Dharau iliyozizaa ni ya watawala. Ustadi wa wachezaji na wa waelezaji ni wa Wakongo, nao wastahili kuhesabiwa katika historia ya lugha zao.