Kutoka Daftari la Mangi Mpaka Simu Inayojifunga Yenyewe

Chukua jamaa mmoja wa Munisagara, huko Kilosa ambako reli ya kati inafuatana na mto Mkondoa. Kwa Mangi anakubalika. Anachukua sukari, sabuni, jina linaandikwa kwenye daftari, akiuza ufuta analipa. Hamna aliyewahi kumuomba kitambulisho.

Siku jamaa huyo akitaka smatifoni ya mkopo, sifa za kwa Mangi hazina kazi. Ni namba ya NIDA, namba za watu wake wa karibu, na kianzio mkononi. Sasa ilikuwaje tukafika huku?

Wenzetu wa Marekani na Uingereza walizoea kupewa simu kali na kampuni ya mtandao kwa mkataba, mara nyingi wa miezi 24. Kabla ya kukupa, wanachungulia historia yako ya madeni. Ukiwa na doa, utaambiwa weka dhamana au nunua keshi. Bongo huo mtindo haukushika. Mobitel ilipoanza mwaka 1994 na Vodacom ikafuata 2000, wengi hawakuwa na akaunti benki wala mshahara wa kuonyesha. Vocha ndiyo ikatamba: kwangua, ingiza, ongea, ikiisha unabipu. Kampuni haikudai, na wewe hukuacha rekodi yoyote ya kukopesheka. Simu ukanunua keshi, mpya, mtumba au feki, mpaka TCRA ilipozizima hizo feki Juni 2016.

Rekodi ikaja kupitia mlango wa nyuma. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na 2014 Vodacom na benki ya CBA wakaleta M-Pawa. Hakuna fomu, kinachoangaliwa ni unavyotumia laini yako. Yaani daftari limehama dukani, limeingia kwenye simu, ila hili halijui kama mwaka huu mvua imegoma.

Halafu kuna hii ya sola, ambayo wengi hawaijui. Kenya, M-KOPA walianza 2012 kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kila siku kwa M-Pesa. Usipolipa, taa haiwaki. Julai 2020 Safaricom na Google wakaja na Lipa Mdogo Mdogo, smatifoni kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na ukizembea inafungwa hukohuko mbali. Hapo shida ya kukuchunguza ikapungua sana. Dhamana unatembea nayo mfukoni, ufunguo wanao wao. Mtindo huo umefika Bongo pia.

Tuseme ukweli, bila hiyo jamaa wa Munisagara asingeishika smatifoni, hata kama jumla inazidi bei ya keshi. Ishu ni hesabu ya kila siku. Bodaboda anaiweza, mama ntilie anaiweza, kwa sababu hela wanaiona kila jioni. Mkulima hela anaiona akivuna. Machi, masika imechanganya, ghala tupu, simu inajifunga. Mnunuzi wa ufuta akimpigia hampati, na hela ya kuifungulia ilikuwa ipitie kwenye simu hiyohiyo.

Ndiyo maana utakuta laini imechomolewa, ipo kwenye kiswaswadu cha jirani, na smatifoni iko kabatini inasubiri mavuno.