Wageni wa Siku Chache: Pangani, Mwera na Wanyama wa Mdomo wa Mto

Mto Pangani, ambao maji yake hutoka katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, huingia baharini takriban kilomita 50 kusini ya Tanga, na mji uliochukua jina la mto huo umejengwa kwenye ukingo wa kaskazini, ukitazamana na kijiji cha Bweni kilicho ng'ambo. Kusini ya Bweni ndiko iliko Mwera, nchi ya minazi, mihogo na katani ambayo husogea hadi kukutana na vichaka vya Mkwaja na Saadani. Sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa na wageni kuhusu pwani hii iliandikwa na watu ambao hawakukaa: mabaharia waliongoja upepo, wamisionari waliokuwa njiani kwenda milimani, wapelelezi waliopanga wapagazi, na katika miaka ya karibuni watalii wanaolala siku mbili tatu kisha wakaondoka. Katika maandishi hayo wanyama wamepewa nafasi pana kuliko wenyeji. Mtu akiyasoma kwa mfululizo ataona kwamba kila mgeni alimwona mnyama ambaye biashara ya zama zake ilikuwa imekwisha kumpa bei, na kwamba karibu kila mara alimwona kwa kuoneshwa na mwenyeji ambaye jina lake halikuandikwa.

Mfano wa kale kuliko yote ni mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unaojulikana kama Periplus, ambao mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara au nahodha asiyetaja jina lake. Kitabu hicho kinataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na Pemba au Unguja, na mbele yake bandari iitwayo Rhapta, ambayo baadhi ya wanahistoria wameitafuta kwenye mdomo wa Mto Pangani na wengine kusini zaidi, katika delta ya Rufiji. Mwandishi anasimulia mitepe, yaani vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na kasa walionaswa kwa matenga. Anataja mamba wa mtoni, na kusema kwamba hawana madhara kwa watu, kauli ambayo mvuvi yeyote wa Pangani angeikataa papo hapo. Anapofika kwenye orodha ya bidhaa za Rhapta, wanyama wanarudi wakiwa vipande vipande: pembe za ndovu, pembe za faru, na magamba ya ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lilitengenezewa vitana na masanduku ya anasa.

Miaka elfu moja na mia nane baadaye orodha ilikuwa haijabadilika sana. Katikati ya karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda Usambara, Upare, Uchagani na Umasaini kutafuta pembe, ikibeba merikani na kaniki, shanga, na masango, ambayo ni nyaya za shaba na chuma zilizotumiwa kama mapambo. Pembe zilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, na ziligawanywa kwa ukubwa na ubora, ndogo zikiitwa kalasha. Nzito zilihitaji mabega ya watu wawili waliopokezana. Mgeni aliyefika mjini msimu wa kurudi kwa misafara angeona ndovu wengi sana bila kumwona hata mmoja mzima, kwa kuwa ndovu wenyewe walikuwa wamekwisha kurudi nyuma mbali na pwani, na kilichoshuka ufukweni kupakiwa majahazini kwenda Unguja kilikuwa meno yao tu.

Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika habari za njia hii alikuwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1852 alishuka Pangani kwa jahazi kutoka Mombasa, akapanda hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, bila Mzungu mwingine wa kufuatana naye. Krapf hakuja kutafuta wanyama; alitafuta mahali pa kujenga misheni. Wageni waliomfuata miaka mitano baadaye walikuwa watu wa namna nyingine. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Unguja mwezi Januari 1857 kwa chombo cha Kiarabu kilichoitwa Riami, pamoja na Said bin Salim, ofisa aliyepewa na serikali ya Unguja kuwa kiongozi wao. Wakapita Mombasa na Tanga, na mwanzoni mwa Februari wakafika Pangani. Walikuwa wakijizoeza kabla ya safari yao kubwa ya kwenda kwenye maziwa ya bara, na mpango wao ulikuwa kufika Vuga, kumwamkia Kimweri, kisha kurudi. Walipitia Chogwe na Tongwe, vituo vya askari wa Kibaluchi ambao Sultani wa Unguja aliwaweka kulinda njia ya biashara, na katikati ya Februari wakapokewa na mzee Kimweri, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na alitumaini kwamba wageni wamemletea dawa ya kumrudishia nguvu.

Waliporudi Pangani ilibidi wangoje chombo, na wageni wenye bunduki wasio na kazi walipata cha kufanya: waliingia mtoni kwa mitumbwi na kuwapiga viboko risasi. Mto Pangani katika sehemu yake ya chini ni mpana na hauendi mbio. Maji ya chumvi hupanda na kushuka kwa kilomita nyingi, mikoko imefunika kingo, na viboko hulala mchana kwenye vilindi vya pindo za mto, pua na masikio tu yakionekana. Kuwakaribia kwa mtumbwi kunahitaji nahodha anayejua mkondo unakoelekea saa ya maji kupwa, anayejua jike gani lina ndama karibu, na anayejua kurudi nyuma kabla mnyama hajazama na kuibuka chini ya chombo. Ujuzi huo haukuwa wa Burton wala Speke. Siku za mawindo zilikatishwa na homa kali iliyowaangusha wote wawili, na mwezi Machi wakachukuliwa kurudishwa Unguja wakiwa hoi. Kitabu ambamo Burton alisimulia safari hiyo kilitoka mwaka 1872, na kimejaa dharau kwa watu wa pwani. Hata hivyo, safari hiyo fupi ndiyo iliyomtoa Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa askari katika kituo cha Chogwe, akaajiriwa na wageni hao na baadaye kuwa kiongozi katika misafara ya Speke, Stanley na Cameron. Kwa jinsi mambo yalivyokuja kuwa, kupatikana kwa Bombay kulikuwa na thamani kuliko kiboko yeyote aliyeuawa mtoni.

Kwa mwenyeji wa bonde hilo kiboko alikuwa jambo jingine kabisa. Kingo za mto juu kidogo ya mji zilikuwa na mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili, yaliyolimwa na watumwa, ambako miwa ilikamuliwa na maji yake kuchemshwa katika masufuria makubwa mpaka yakawa asali ya miwa au sukari guru ya kupeleka Unguja na Arabuni. Kiboko hutoka majini usiku na kula nchi kavu, na shamba la miwa lililo hatua chache kutoka mtoni ni karamu iliyoandaliwa. Ulinzi wa mazao pande hizi, jana na leo, hufanywa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa makuti, ambapo mlinzi hukesha na moto, ngoma au debe la kupiga, na mchana hutumia teo, kombeo ya kamba, kuwarushia ndege na nyani mawe. Ni kazi ya usingizi kidogo na hofu nyingi, na ni ajabu kwamba imeacha alama ndogo hivi katika vitabu vya wasafiri waliopita chini ya madungu hayo kwa mitumbwi. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa waliasi, na watoro wakajijengea makazi yao Kikogwe, kusini ya mto, ambako vichaka vilivyoogopwa na mabwana vilikuwa kinga kwa waliowakimbia.

Vita vya pwani vya 1888 na 1889, vilivyoanzia Pangani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki na kuongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa mwenyewe na mashamba ya miwa karibu na mji, vina historia yao na havihitaji kurudiwa hapa. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kinachohusu mada hii ni kilichofuata. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann, aliyevishinda vita hivyo, alitoa amri ya kwanza ya jumla ya uwindaji katika koloni la Kijerumani, iliyomtaka mwindaji awe na leseni na kutenga maeneo ambamo kuwinda kumekatazwa. Kwa amri hiyo mgeni mwenye fedha aliweza kununua ruhusa ya kumpiga ndovu, ilhali mkulima aliyewinda kwa mshale au mtego kama babu yake aligeuka mkosaji.

Katika muongo huo huo Pangani yenyewe iliachwa kando. Mdomo wa mto una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa, na Tanga ina ghuba yenye kina. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mizigo ya bara ikafuata chuma. Mwaka 1893 pia ndio ambao mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kutoka miche hiyo yalienea mashamba ya katani ya Mwera, Muheza na Korogwe, na maelfu ya ekari za vichaka yakafyekwa. Mgeni wa kupita sasa alishukia Tanga. Wageni wa kupita waliokumbwa na mnyama kwa namna ya kukumbukwa kuliko wote ni askari wa jeshi la Waingereza kutoka India walioshuka hapo Novemba 1914, wakakaa siku tatu na kurudi melini wameshindwa, wengine wakiwa wamevimba nyuso kwa nyuki waliochokozwa na risasi. Baadaye ulienea uvumi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi, jambo ambalo nyuki hawakulihitaji.

Baharini, mnyama aliyewavuta wageni Pangani baada ya uhuru alikuwa kasa. Kisiwa kidogo cha Maziwe, kusini-mashariki ya mdomo wa mto, kilikuwa na mivinje na mchanga mweupe, na kasa wa aina tatu walipanda kutaga humo kwa wingi uliokifanya mojawapo ya matagio mashuhuri ya Afrika Mashariki. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Tangazo lilichelewa. Miti ilikuwa ikikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikafa, mawimbi ya kusi yakala kingo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa fungu tu linalofunikwa na maji makuu. Kasa hawakupata habari hiyo. Wameendelea kupanda kutaga kwenye fungu hilo, na mayai yangeoza kwenye bamvu la kwanza kama si watu wa vijijini, wakisaidiwa na shirika la Sea Sense, wanaoyafukua na kuyafukia upya kwenye ufuko wa Ushongo, ambako huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Siku ya kuanguliwa wageni huitwa kutazama, na sehemu ya malipo yao hurudi kijijini.

Nchi kavu mambo yalikwenda kinyume: pori lilirudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya katani ya Amboni ilianzisha ranchi ya Mkwaja ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake, ikapambana kwa nusu karne na mbung'o na maradhi ya nagana wanayoyaleta kwa ng'ombe, na mwaka 2000 ikafungwa. Ardhi hiyo iliunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ni ya pekee Tanzania Bara inayofika Bahari ya Hindi. Ndovu, nyati na kuro wanaishi sasa mahali palipokuwa na mazizi. Msafiri wa peke yake anayevuka kwa kivuko kutoka Pangani hadi Bweni, akapanda pikipiki kupitia Mwera na Mkwaja, anaweza katika siku tatu kuona kiboko, mamba, kasa na ndovu, yaani karibu orodha nzima ya Periplus ikiwa hai, kwa gharama ambayo Burton angeihusudu.

Ndovu wa Saadani, hata hivyo, hawajui mpaka, na mashamba ya mihogo na mahindi yaliyo pembezoni mwa hifadhi hulindwa kwa madebe na moto kama yale ya miwa zamani. Sheria ya Tanzania inatambua hasara hiyo kwa malipo ya aina mbili: kifuta machozi, kinachotolewa mtu akiuawa au kujeruhiwa, na kifuta jasho, kinachotolewa kwa mazao. Katika kanuni za 2011 kifuta jasho kiliwekwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, kikipanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Aliye ndani ya nusu kilomita, ambaye ndiye ndovu humfikia kwanza, hakupangiwa kitu.