Setilaiti inaona bati, mwenye nyumba je?

Wadau, kuna swali linanisumbua siku nyingi: hii Dar yetu, nani aliichora, na alituona au alituruka?

Tulipata mipango mikuu ya jiji mwaka 1949, 1968 na 1979, yote ikiandaliwa na kampuni za wataalamu kutoka nje. Mezani ilipendeza, ila watu hawakuisubiri. Walinunua kipande cha shamba, wakamwita mjumbe ashuhudie, wakapanda minyaa mpakani, wakajenga. Ndivyo maeneo kama Manzese, Tandale na Keko yalivyofurika.

Huko angani nako mambo yalikuwa yanasogea. Landsat ya kwanza, ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972. Nukta moja ya picha zake ilifunika kama mita 80 za ardhi, kwa hiyo nyumba ya Mswahili haikuonekana kabisa. Mwaka 1999 ikaja IKONOS, nukta moja mita 1. Sasa bati likaonekana!

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4, iliyoleta leseni ya makazi. Kuanzia 2004, serikali ilitumia picha za kutoka juu kuhesabu nyumba za maeneo yasiyopimwa Dar, zikapewa namba, wakazi wakaanza kuchukua leseni. Leseni si hati, maana hati inaweza kufika miaka 99 na leseni ni ya muda mfupi tu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza wengi walikuwa na karatasi ya serikali mkononi.

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukawaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi. Wakishirikiana na wenyeji, walichora nyumba, vichochoro na mifereji, mafuriko yakiwa ndiyo hofu kubwa.

Hapo ndipo ninapokwama. Ramani inayoonyesha nani aokolewe maji yakija, ndiyo hiyohiyo inayoonyesha nani avunjiwe. Tena picha haijui kwamba chini ya bati moja kuna mjane, wapangaji wanne, na shemeji anayedai urithi. Hayo anayajua mjumbe na jirani wa ng'ambo ya minyaa.

Sensa ya 2002 ilikuta Dar watu kama milioni 2.5, ya 2022, milioni 5.38. Bila setilaiti hatuwezi kulikimbiza jiji hili. Ila mpimaji akishaipata picha yake, naomba ashuke, abishe hodi kwanza.

Au nakosea? Semeni nanyi.