Mwana FA na Njia ya Tanga

Msafiri atokaye Dar es Salaam akifika Segera, wilayani Handeni, hukuta njia panda. Barabara ya kushoto inakwenda Korogwe na kuendelea hadi Moshi; ya kulia inashuka Muheza, kisha Tanga mjini. Watu wamechanganyika katika nchi hii kwa muda mrefu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka pembe nyingi za Tanganyika. Walikuja na ngoma zao, wakazikuta za Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Tanga mjini nako zikastawi bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na upande wa taarabu Black Star na Lucky Star.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Hamis Mwinjuma, mwana wa Muheza ambaye taifa linamfahamu kwa jina la Mwana FA, huandikwa mara nyingi kama zao la rap ya Marekani tu. Naamini anayemsimulia hivyo ameacha nusu ya habari.

Rap ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kupata njia kabla yake: Saleh Jabir mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Kwanza Unit, na Radio One iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkoloni na Dokta John wa Wagosi wa Kaya waliipa lafudhi ya Tanga, wakahoji katika “Tanga Kunani” kilichousibu mkoa wao. Mwinjuma, wakati huo akijiita Mwanafalsafa, alitoa albamu ya “Mwanafalsafani” mwaka 2002. “Alikufa kwa Ngoma” ilisema wazi habari za UKIMWI katika miaka ambayo familia nyingi zilikuwa zikizika na kunyamaza. Kwangu mimi, ujasiri ule unazidi sifa zote za vina.

Kisha akageuka nyuma. Katika “Yalaiti”, akiwa na mwimbaji Linah, aliuchukua wimbo wa taarabu ambao wengi waliujua kwa sauti ya Bi Kidude, akaweka mistari yake humo. Mwaka 2013 ikaja “Kama Zamani”, pamoja na Mandojo na Domokaya na Kilimanjaro Band, Wana Njenje wenyewe, bendi yenye chimbuko lake Tanga tangu ilipoitwa The Revolutions. Hapo wanamuziki wa dansi waliokomaa jukwaani na kijana wa hip hop walipiga kazi moja, na hakuna aliyeonekana mgeni. Kazi hizo mbili zinastahili kuhifadhiwa katika kumbukumbu za muziki wa mkoa huu.

Lakini wimbo ni mali pia, na mwenye mali huweza kuibiwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ila kwa miaka mingi wasanii walibaki kulalamika vijiweni. Mwana FA na mwenzake AY walikwenda mahakamani, wakiishitaki kampuni ya simu kwa kutumia “Usije Mjini” na “Dakika Moja” kama miito ya simu bila idhini yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa fidia ya shilingi bilioni 2.18. Kampuni ilikata rufaa, na shauri likapanda mahakama za juu. Hata hivyo, tangu siku ile msanii yeyote aliyetaka kudai chake alikuwa na mfano wa kuutaja.

Mwana FA akaingia pia siasani, ila hakuwa msanii wa rap wa kwanza kufanya hivyo. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, Profesa Jay mwaka 2015 kwa Mikumi, wote kupitia CHADEMA. Mwinjuma alipita Muheza kwa tiketi ya CCM mwaka 2020. Februari 2023 aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara inayosimamia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na pia COSOTA, ofisi ambako msanii hupeleka wimbo wake usajiliwe kwa jina lake.