Namna ya kutambua kuni kwa gome na nyuzi za mti

Mpishi anayenunua mzigo wa kuni Paje, kusini mashariki mwa Unguja, haoni tena majani ya mti. Kilichobaki ni gome na sura ya mti ulipokatwa, na viwili hivyo hutosha kumjulisha alichonunua.

Mvinje, unaostawi kandokando ya fukwe, una gome la hudhurungi lenye mipasuko, nalo hubanduka kwa vipande virefu. Mti wake ni mzito, mgumu na wenye wekundu; huwaka hata kabla haujakauka sawasawa.

Mkandaa, mmojawapo wa jamii ya mikoko, gome lake likikwanguliwa huonyesha wekundu. Gome hilo lina tanini, iliyotumiwa tangu zamani kutia rangi. Mchu una gome laini la kijivu, na ukikatwa huonyesha pete nyingi. Pete hizo hazihesabu umri wa mti, kwa kuwa hazijiumbi moja kila mwaka.

Mnazi hauna pete. Mkato wake umejaa vitone vyeusi, vilivyosongamana zaidi pembeni kuliko katikati.

Kuutambua mkoko si suala la moto pekee. Sehemu ya mikoko ya Ghuba ya Chwaka, kaskazini ya Paje, imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004. Mizizi yake hushika udongo wa pwani na kuwapa samaki mazalio. Mnunuzi alijuaye gome huweza kuukataa mzigo kabla hajalipa.